Bakuli Moja Kabla ya Noël

Goma, Mapendo, 9 Machi 2025

Mama mudogo Ernestine,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani. Mimi niko mzima, nyumba iko nzima, bati halijatoboka. Maharagwe uliyotuma kwa mukono wa Donat, muchuuzi wetu wa njiani, yamefika, ila kilo mbili zilibaki njiani, sijui mupakani, sijui tumboni mwa Donat mwenyewe. Nimesikia mutoto wa mwanao Carlos na mukewe Élodie ameanza kuota meno. Mubusu kwa niaba yangu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatia. Mara tatu, Mama! Mara ya tatu sikuwa hata nimemaliza kusema alo. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini najua hutaichana kabla ya kuisoma, hamu ya kujua itakushinda.

Basi soma polepole. Ni kweli, nimeacha kufundisha. Shule ilifungwa wiki nyingi kwa sababu ya vita, na ilipofunguliwa sikurudi. Najifunza kazi ya porselene kwa Papa Bahizire, muzee mumoja wa Bukavu mwenye ateliye, karakana yake ya kufinyangia, hapa mutaani kwetu. Porselene ni ule udongo mweupe wa vikombe vya masista, vile ambavyo ukiviinua dirishani mwanga unapita. Wewe ulisoma kwa masista, unavijua.

Ni wewe uliyenilea tangu mama alipofariki, na ni wewe uliyenitia mikono kwenye udongo nikiwa na miaka tisa. Nilifikiri mikono hii inajua kazi. Uongo mutupu! Udongo huu hauna mifupa. Unauweka kwenye gurudumu, unapanda laini kama siagi, unajiona fundi, unaita watu waje waone, halafu wenyewe unakaa chini, puu! Nikiongeza maji unalegea. Nikipunguza maji unapasuka. Juzi nilifinyanga vikombe saba kuanzia asubuhi, na saa kumi sikuwa na hata kimoja.

Tena udongo wenyewe ni wa kuhesabu. Papa Bahizire aliagiza mifuko kumi na moja kutoka mbali, kabla njia hazijafungwa. Ikiisha, hakuna mingine. Kikombe kikianguka unaweza kuukanda udongo wake tena, lakini vumbi letu jeusi la Goma likishaingia ndani, kwisha, haufai.

Sasa nina swali, na naliuliza kwa heshima. Udongo ukikataa kusimama, unafanya nini? Usinijibu "rudi nyumbani". Hilo nimeshalisikia.

Ni mimi binti yako,
Kaswera


Butembo, 15 Aprili 2025

Kaswera,

Barua yako nimeipata Jumapili ya Matawi. Donat alinipa mulangoni mwa kanisa mbele ya watu wote, nami nikaificha ndani ya Biblia kama musichana aliyeandikiwa na muchumba. Huyo Donat hana akili.

Huku tunaendelea. Mutoto ana meno manne na ameshamung'ata kila mutu, hata padri. Mbuzi wa Carlos amekula kitambaa changu cha kujifunga kichwani, kile cha kwenda nacho misa. Élodie anasema ni kosa langu kukianika chini. Kila kitu katika nyumba hii ni kosa langu.

Sikukatii simu. Ni rezo, mutandao wa simu, iliyo mbaya.

Umeacha chaki, kazi ya kukaa kivulini na kuitwa Madame, ili uende kuchezea unga. Maana huo si udongo, ni unga. Kama ulitaka udongo, udongo uko huku. Shimo letu kule bondeni alilianza bibi yako, akalichimba mama yako, nami nalichimba. Na sheria ya wanawake wa bonde unaijua: shimo likikaa mwaka muzima bila mutu wa ukoo kuingia, linapewa mwingine. Mama Benny, yule jirani wa shimo la chini, ameanza kuniuliza habari zako kila anaponiona, na si kwa upendo.

Unga wako unaanguka kwa sababu hauna kigae. Nani alikufundisha kufinyanga udongo mutupu? Si mimi. Tafuta chungu cha zamani kilichovunjika, saga vigae vyake, chekecha, changanya. Ngumi tatu za udongo, ngumi moja ya kigae. Huyo Papa Bahizire wako hajui hata hilo?

Sasa sikiliza, nakupa makubaliano. Kabla ya Noël, Krismasi hii inayokuja, uniletee kitu kimoja ulichofinyanga kwa huo unga. Kimoja tu. Nikiona ni chungu, nitafunga kinywa changu, na shimo nitamupa Mama Benny mimi mwenyewe. Nikiona si chungu, unarudi Butembo, unashika shimo. Andika kama unakubali.

Mama yako mudogo,
Ernestine


Goma, 25 Mei 2025

Mama mudogo mupendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kitambaa. Mwambie Carlos amufunge huyo mbuzi. Hapa leo ni siku ya tisa bila maji ya bomba. Tunapandisha mabidoni, madumu ya maji, kutoka ziwani, na ateliye inakunywa maji kuliko ng'ombe. Barua yako ilikuwa wiki tatu njiani. Kwa kuwa njia yetu imefungwa, Donat alipita Kasindi, akaingia Uganda, akatokea Bunagana, na anasema gari liliharibika mara mbili. Mimi nasema alikuwa anauza nyanya.

Kwanza, nakubali makubaliano. Pili, vigae vyako vimeniua!

Nilikuwa na kile chungu chako nilichokuja nacho, kilichopasuka mudomo. Nilikisaga nyumbani, peke yangu, bila kumwambia Papa Bahizire. Nikachekecha kwa kitambaa mara tatu. Ngumi tatu, ngumi moja. Na ukasimama, Mama! Ukasimama kama askari. Nilifinyanga mabakuli matano siku moja, nikaimba. Papa Bahizire alipita nyuma yangu, akasema rangi ya udongo imekuwa ya ajabu kidogo, nikamujibu ni mwanga wa mawingu.

Tukaweka ndani ya furu, ile ya umeme ya kuchomea. Moto wake unafika digrii elfu moja mia mbili na themanini. Kigae chako hakijawahi kuona moto huo. Kimeyeyuka. Kimechemka ndani ya udongo kama mafuta. Tulipofungua, mabakuli yangu matano yalikuwa mandazi yaliyoungua, yenye mapovu, yamelala na kugandamana na ubao wa jiwe wa kuchomea. Papa Bahizire alipoyang'oa kwa patasi, ubao ulikatika vipande viwili. Alikuwa na mbao nne. Sasa ana tatu.

Akakaa kwenye kiti. Akaniuliza, "Umetia nini?" Nikamwambia, kigae cha Mama mudogo. Akauliza, "Na Mama mudogo ana furu ya namna gani?" Nikasema anachoma kwa majani makavu na maganda ya mikaratusi. Alicheka, kisha akaviweka vile vipande viwili vya ubao mbele ya gurudumu langu, vikakaa hapo siku tatu. Ningetukanwa ningeona afadhali.

Kosa ni langu, najua. Lakini uliandika kwa uhakika kama Papa wa Roma.

Na neno moja tena. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za watoto wangu wa première, darasa la kwanza. Wewe uliyekuwa unaandikia kijiji kizima barua! Unaandika umesimama, ama?

Kaswera


Butembo, 8 Julai 2025

Kaswera,

Tuko wazima. Mutoto anasimama. Mbuzi ameuzwa.

Kalamu ni mbaya, ni hilo tu. Huku wanauza kalamu za kuchokolea masikio.

Pole kwa ubao wa muzee. Kama unga wako hautaki kigae basi ukaushe polepole, uufunike, usiuweke kwenye upepo. Bondeni sijaenda wiki hizi kwa sababu ya mvua.

Ukiona umechoka, njoo mwezi wa nane. Si lazima usubiri Noël. Hakuna atakayekucheka.

Ernestine


Goma, 17 Agosti 2025

Mama mudogo,

Nakusalimu, ila kidogo tu, maana nina hasira. Mutoto anatembea? Haya. Carlos na Élodie wazima? Haya. Salamu zimeisha.

Unaniandikia mistari minane, na ndani ya hiyo minane unasema hujaenda bondeni kwa sababu ya mvua. Mvua gani, Mama? Mwezi wa saba? Donat mwenyewe alicheka, akasema vumbi la Butembo lilikuwa linamufika kwenye magoti. Mbona unanidanganya kama mutoto? Na "njoo mwezi wa nane", hiyo ni nini tena? Si tulikubaliana Noël?

Ushauri wa kukausha polepole ulinifikia wakati nimeshapasua kumi na mbili. Kila neno lako linafika kama gari la wagonjwa baada ya mazishi.

Sina ninachoweza kukuonyesha. Niseme ukweli huo. Mwezi wa sita umeme ulikatika furu ikiwa katikati ya moto, ukarudi kesho yake, vitu vyote vikatoka vimechubuka. Kisha ikaja kiangazi na vumbi. Hapa unalijua vumbi letu, ni volkano iliyosagwa, jeusi, linapita hata chini ya mulango uliofungwa. Tunaloweka mashuka, tunayaning'iniza madirishani, tunapangusa meza mara sita kwa siku. Haisaidii kitu. Pikipiki moja ikipita barabarani, bakuli langu jeupe linatoka kwenye moto lina madoa kama yai la kware. Lionel, anayefanya kazi nami, anasema tuyauze hivyo, tuseme ni urembo. Papa Bahizire anasema nyeupe ni nyeupe.

Lakini lililonivunja kabisa ni hili. Nilipata bakuli moja zuri. Nikilitoa kwenye gurudumu, kidole gumba kikagusa mudomo wake, ukapinda kidogo. Nikaunyoosha. Ulinyooka, nakuapia, hata muzee hakuona. Likakauka limenyooka. Likaingia kwenye furu limenyooka. Likatoka limepinda, palepale pa kidole changu! Papa Bahizire akaniuliza, "Uliligusa?" Nikasema nililinyoosha. Akasema, "Ndiyo hivyo. Huu ukishapinda umepinda. Ukiunyoosha unauficha tu, moto unaufunua." Nilitoka nje, nikakaa kwenye mawe ya mbele ya ateliye, nikalia. Mutu wa miaka thelathini na moja, aliyesimamia darasa la watoto hamsini na wawili, analilia bakuli.

Imebaki mifuko mitatu kwa watu watatu.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, acha nikwambie yote. Unajua nataka nini? Sitaki shimo, sitaki kushinda makubaliano. Nataka ushike kitu changu mara moja katika maisha yako useme, "Kaswera, umefanya." Miaka ile yote bondeni hukusema. Ulikuwa unageuza chungu changu, unakigonga kwa kidole, unakiweka chini na kuondoka. Sikujua kama ni kizuri, sikujua kama ni kibaya. Ndiyo maana nilikwenda kushika chaki. Sasa umejua.

Kaswera


Goma, 12 Oktoba 2025

Mama mudogo,

Salamu kwako na kwa wote. Hujanijibu. Miezi miwili. Donat anasema alikupa barua mukononi, ukaiweka mufukoni, ukamuuliza bei ya chumvi. Kama nilikukosea kwa maneno, nisamehe. Kama sikukukosea, jibu basi!

Hata hivyo naandika, maana nina habari. Limetoka.

Ilinyesha siku mbili mufululizo, mvua ya kweli, siyo ile yako, na vumbi lote likalala. Nilifika ateliye kabla ya watu, nikafunga kichwa, nikanawa mikono hadi kwenye viwiko. Safari hii sikushindana nao. Maji kidogo, mikono mizito chini, myepesi juu, na lilipofika nilipotaka niliondoa mikono na kuiweka nyuma ya mugongo, maana najijua, ningeligusa tena. Nililiacha chini ya sasheti ya plastiki siku kumi na moja. Kila siku nilikuwa nalitazama, silishiki.

Papa Bahizire alipofungua furu alilitoa yeye mwenyewe. Akaliinua dirishani akatia mukono wake ndani, nami nikaona kivuli cha vidole vyake vyote vitano upande wa pili. Kuna doa jeusi moja chini karibu na kitako, dogo kama kichwa cha sindano. Alilitafuta muda mrefu ndipo akalipata. Akasema libaki ateliye, watu waje walione. Nikamukatalia. Nimesema lina mwenyewe, yuko Butembo.

Nimelifunga kwenye kitenge, kitenge ndani ya ndoo, ndoo imejaa unga wa mbao. Donat ameapa ataliweka kwenye mapaja njia nzima. Ni hilo moja tu, Mama. Mengine yote ya furu ile yamepinda.

Lishike. Kisha niandikie, hata mistari minane.

Binti yako,
Kaswera


Butembo, 16 Novemba 2025

Kaswera,

Tuko wazima, mutoto anatembea na kuangusha kila kitu.

Bakuli lako limefika zima. Nimelijaribu jinsi chungu kipya kinavyojaribiwa, unajua mwenyewe: mafiga matatu, maji, unga kidogo wa mahindi, ili uji uzibe udongo. Maji hayajachemka likalia taa! likapasuka vipande vinne. Uji wote umemwagika motoni.

Kisichokaa kwenye moto si chungu. Makubaliano ni makubaliano. Baada ya Noël nakusubiri. Njoo na sabuni, huku ni mbaya.

Ernestine


Goma, 30 Novemba 2025

Mama Ernestine,

Sina salamu.

Umeliweka kwenye moto. Umeliweka kwenye mafiga, kama sufuria ya maharagwe! Bakuli hilo limeshaona moto mara mbili, moto ambao ungeyeyusha vyungu vyote vya soko la Butembo na masufuria ya meza za jirani. Halikuwa na la kuthibitisha kwako. Ni la kushika! Ni la kunywea! Vikombe vya masista uliviona vikiwekwa kwenye mafiga siku gani?

Nilitaka kuamini kwamba hukujua. Niliamini siku mbili. Kisha Donat akapita hapa tena, nikamuuliza, naye akashangaa. Anasema Papa Bahizire alimupa ujumbe mbele ya gari: "Mwambie mama huyo, maji ya moto ndiyo, moto hapana." Anasema alikwambia mara mbili, na mara ya pili ulimujibu, "Nimesikia, Donat, mimi si kiziwi."

Basi ulisikia.

Miezi tisa, Mama. Mifuko na mifuko. Ubao wa muzee. Mikono yangu imechanika kwa maji. Lilikuwa moja.

Mimi nilitoa neno langu, na silirudishi. Nimemwambia Papa Bahizire naondoka mwezi wa kwanza. Alikwenda kufagia mahali ambapo palikuwa pameshafagiliwa. Nitakuja, nitachimba shimo lako, nitafinyanga vyungu vyako vinavyokaa kwenye moto. Ila usitegemee nitazungumza.

Kaswera


Butembo, 14 Desemba 2025

Kaswera, mutoto wa dada yangu,

Nakusalimu. Wote wanakusalimu. Usishangae kuona herufi nzuri: anayeandika ni Élodie, mimi nasema. Nimemukataza kugeuza hata neno moja, na sasa ananitazama kwa macho makubwa, maana hili hata yeye hakulijua lote.

Donat aliniambia. Mara mbili, kweli. Nilisikia. Nilingoja Élodie aende sokoni na Carlos aende kazini, nikawasha moto. Kwa hiyo wewe hujakosea kunikasirikia, na Donat asilaumiwe.

Vidole vyangu havifungi. Vilianza mwaka jana kama baridi, nikapaka mafuta, nikafunga majani, sikumwambia mutu. Mwezi wa pili mwaka huu nilishuka bondeni, nikashika udongo, na udongo ukatoka katikati ya vidole ukaanguka. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Jioni hiyo ulinipigia kuniambia umeacha shule na unajifunza udongo kwa mutu mwingine. Nilikata simu kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka usikie. Zile mara mbili nyingine vilevile.

Vyungu ninavyouza tangu Pasaka ni vya Mama Benny. Ndiyo, huyohuyo. Shimo letu analichimba yeye, kwa jina langu, ili wanawake wengine wasilidai. Nilikuandikia kwamba analitaka kwa sababu nilitaka uwe na wivu urudi. Maskini mwanamuke wa watu, ananiletea na kuni.

Sasa bakuli. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Nililishika kwa viganja viwili, maana vidole haviwezi. Nililipeleka dirishani nikaona kivuli cha mikono yangu, imepinda, nikaona aibu, nikaligeuza. Nikaligonga. Ee Kaswera. Liliimba, na sauti ilikaa ndani yake muda ambao chungu changu chochote hakijawahi kukaa nao. Nikatafuta kosa, unanijua, nikatafuta kila mahali. Ile alama ya sindano niliipata, nikasema basi nitashikilia kosa hilo, nikashindwa. Bibi yako asingeweza hilo. Mama yako asingeweza. Mimi ndiyo kabisa.

Umefanya. Nakwambia wazi, na Élodie ni shahidi. Umefanya, binti yangu. Lingekuwa baya ningeliweka kwenye kabati, nikacheka, nikakuita nyumbani kwa haki. Lilikuwa zuri, ikawa umeshinda, ikawa hutarudi. Ndipo nikawasha moto.

Kuhusu vile vyungu vyako vya zamani, nilikuwa nakaa kimya kwa sababu mama yangu alikaa kimya nami. Nilifikiri kimya ni sifa. Nani angeniambia kwamba siyo?

Usije. Mwambie muzee wako umebaki. Makubaliano ulishinda wewe tangu Donat alipofungua ndoo. Vipande vinne ninavyo, nimevifunga kwenye kitenge chako. Kama kuna gundi ya kazi hiyo, niambie jina lake. Kama haipo, nitakaa navyo hivyo.

Élodie anasema niombe radhi. Nilikuwa nakuja hapo. Nisamehe, Kaswera.

Mama yako mudogo,
Ernestine


Goma, 27 Desemba 2025

Mama mudogo,

Salamu kwako, kwa Carlos, kwa Élodie aliyeandika vizuri, na kwa mutoto. Noël yangu ilikuwa wali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikala na Lionel na Papa Bahizire kwenye meza ya ateliye, katikati ya vumbi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kuna mahali nilipafunika kwa mukono nikawa naparudia peke yake, unajua ni wapi. Nimengojea neno hilo tangu nikiwa na miaka tisa, na limekuja juu ya vipande vinne. Sijui nilifanyie nini. Nalifurahia, halafu nakasirika kwamba nalifurahia.

Gundi haipo. Na bakuli sijakusamehe bado. Nisingependa kukudanganya. Pengine mwezi wa tatu. Nitakupa habari.

Ila bakuli ni udongo. Papa Bahizire amefunga mufuko wa mwisho, ameandika jina langu juu yake kwa makaa, na anasema utaningoja. Nitafinyanga mengine, nitaharibu mengine, nimeshazoea kulia nje kwenye mawe. Kinachoniuma ni kingine. Miezi kumi umekaa na mikono hiyo peke yako! Umenidanganya mvua, umenidanganya kalamu, umenidanganya rezo, umemufanya Mama Benny kuwa adui. Nami huku nilikuwa nakuandikia habari za mikono yangu kuchanika. Ulizisoma vipi, Mama? Ulizisoma ukiwa umeshika karatasi na nini?

Nakuja. Gari ni tarehe tano, siku chache tu baada ya barua hii, kama njia itakubali. Siji kwa makubaliano, na siji kukaa. Nitakaa mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Nitakupeleka kwa daktari, na usianze kunitajia majani. Nitashuka bondeni na Mama Benny, nimushukuru mbele ya wale wanawake wote, na shimo tutamupa mchana kweupe. Wewe utakaa kwenye kiti, utasema nilichokosea, kwa sauti, kila siku. Kisha narudi Goma kwenye mufuko wangu.

Lakini ungeandika tu, hata kwa zile herufi kubwa, hata bila salamu: Kaswera, mikono yangu imeshindwa. Ningekuja mwezi wa tatu, kwa miguu kama gari lingekosekana, na hakuna mutu angeniomba bakuli.

Kaswera